Siku Nyambura Alipobeba Viazi Vyangu

Hii hadithi siipendi, na kama si Mutiso kuianzisha kila tukikaa mahali na watu ("mwambieni Dokta awape ile ya waru", yaani viazi), ningekuwa nimeizika zamani. Lakini Mutiso huishia pale watu wanapocheka, halafu anaagiza chai, na mimi nabaki hapo na ile sehemu nyingine peke yangu. Basi heri niisimulie mwenyewe, yote. Mimi ndiye yule mwanaume mzima, beji ya kazi shingoni na viatu vimepigwa rangi, aliyeonwa na wazazi wa shule nzima pale Ruiru akitembea mkono mfukoni nyuma ya msichana wa kitengo maalum, na huyo msichana amembebea viazi. Hilo nalikubali. Hata sasa nikilisema nasikia masikio yakipata moto.

Nianzie kazini, kwa sababu hata mama yangu mzazi, aliyenisomesha kwa jasho lake, akiulizwa mtoto wako hufanya nini husema "anakanda watu". Sikandi mtu. Kuna shule moja ya msingi ya serikali yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum, na hapo ndipo mimi na Mutiso hufanya kazi, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Mutiso ni fizio. Yeye ni wa miguu, mgongo na shingo: anamnyoosha mtoto, anamsimamisha, anamfundisha kutembea katikati ya mabomba mawili yaliyochomelewa na fundi wa jua kali. Mimi ni OT, mtu wa tiba ya shughuli za kila siku, yaani nikimpokea mtoto kutoka kwa Mutiso namuuliza, haya, umesimama, sasa utafanya nini? Utashika kijiko? Utafunga vifungo vya sweta? Utakaa darasani mpaka mwalimu amalize hadithi bila kuruka dirishani? Wazazi hutuita sisi wote fizio, wengine huniita Dokta, na mimi (uozo wote ulianzia hapa) sikuwahi kumsahihisha hata mmoja. Utamu wake mnaujua. Mtu anakuinamia kidogo akisema "Dokta", na wewe unakohoa kidogo kama mtu aliye na mambo mengi.

Sasa, Nyambura. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwili mkubwa wa kumpita mama yake, maneno machache sana, na usonji ambao ulikuwa umemfukuzisha shule nyingine kabla ya yetu. Kitako chake na kiti havikujuana. Akikalishwa anainuka, akiinuka anakimbia, na asipokimbia anaenda kwenye ukuta wa mabati wa jikoni na kuupiga kwa bega, du, du, du, mpaka wapishi wanatoka nje na mwiko. Mara moja alitoka getini akafika barabara kubwa, na mara nyingine alikisukuma kiti cha magurudumu cha mwenzake mpaka kikapinduka na mtoto ndani. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, lakini hapo aliogopa. Akasema mbele yetu sote, muhula huu ukiisha kama hajatulia, kamati itaamua akae nyumbani.

Cucu yake, yaani bibi yake, alikuwepo akayasikia. Huyo ndiye aliyemlea, huko Mugutha, kwa sababu mama yake Nyambura anafanya kazi ya shifti kwenye kiwanda kule Thika na huja Jumapili tu. Kila asubuhi mama mzee analeta mtoto kwa miguu wameshikana mikono, na kila jioni anamchukua. Siku ile mwalimu mkuu aliposema maneno yake, Cucu hakubishana. Aliniangalia tu mimi na kusema, "Daktari, huyu akirudi nyumbani ni kufungiwa. Mimi nimezeeka, siwezi kumkimbiza tena."

Nilimwambia aniachie. Na msinielewe vibaya, sikuwa natania, ile kazi niliifanya.

Kuna watoto ambao mwili wao hauwaambii vizuri uko wapi. Wewe ukikaa hapo ulipo unajua mkono wako uko wapi bila kuutafuta. Nyambura hakujua, ndiyo maana alikuwa anagonga ukuta, alikuwa anautafuta mwili wake. Mtoto kama huyo ukimpa kazi nzito ya misuli kabla ya darasa, kusukuma, kuvuta, kukumbatia kitu chenye uzito kifuani na kutembea nacho, mwili unapata habari zake na unanyamaza. Lakini kuna masharti. Uzito unapimwa kulingana na mtoto. Safari ni fupi, kisha anapumzika. Na wewe unatembea kando yake, si nyuma yake, mnaenda pamoja. Basi nikamtengenezea Nyambura ratiba: kila asubuhi anakumbatia mtungi wa maji usiojaa, anatoka nao kwenye tangi hadi darasani, anautua, ananiangalia, namwambia "Vizuri", anarudi kuchukua mwingine mpaka yote iishe. Nilimfundisha hasa kumaliza. Na jamani, ilifanya kazi. Wiki chache tu, Madam Wairimu, mwalimu wa kitengo, alikuja chumbani kwangu na macho mekundu akaniambia Nyambura amekaa hadithi nzima, tena ameshika kalamu.

Cucu naye aliona mabadiliko. Jioni moja akaniuliza, "Daktari, mnampa dawa gani huyu mtoto?"

Swali zuri, la mtu mwenye haki ya kuuliza. Na lingejibiwa kwa sentensi mbili: Cucu, tunambebesha maji kidogo kila asubuhi, njoo kesho uone. Lakini nilikuwa nimechoka, kulikuwa na wazazi wengine wanasikiliza, na nilitaka kusikika kama Dokta. Nikammwagia Kiingereza chote cha chuoni, mambo ya mfumo wa neva na viungo na sijui nini, na yeye akatikisa kichwa polepole na kusema, "Sawa daktari, asante." Mutiso alikuwa anakunja mkeka pale kando. Mama mzee alipoondoka akaniambia, "Huyo hajaelewa kitu." Nikamwambia sio lazima aelewe, bora mtoto anapona. Ningelipa pesa nyingi niyarudishe maneno hayo mdomoni.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mkutano wa wazazi, na kama mnavyoijua Ruiru, maji yalikuwa yamepotea. Tangi lilikuwa kavu kabisa. Asubuhi hiyohiyo lori la waru kutoka Kinangop lilikuwa limesimama nje ya geti la shule, na mke wangu alikuwa ameniagiza viazi na kabeji, kwa hiyo nikanunua kabla ya kuingia kazini, kagunia kamejaa vizuri na kabeji mbili kubwa kama vichwa vya watu. Bawabu akaizuia boda iliyoubeba mzigo isiingie, ati leo kuna wageni. Nikaacha mzigo wangu hapo getini nikasema nitamtuma mtu auchukue.

Kufika kwenye chumba nakuta Nyambura ameshaanza. Hakuna maji, hakuna mitungi, na ratiba yake imevunjika, kwa hiyo anaupiga ukuta wa jikoni kwa bega na Madam Wairimu anamvuta sweta. Ndipo wazo likaniingia, na wakati lilipoingia lilionekana zuri sana. Mtoto anataka uzito. Mimi nina uzito pale getini. Kazi nzito ni kazi nzito, mwili hauulizi hayo ni maji au ni waru.

Nikampeleka. Nikampa kagunia, akakakumbatia, na nitasema ukweli, mara ya kwanza nilitembea kando yake kama inavyotakiwa. Kalikuwa kazito kuliko mtungi, nilijua, nikajiambia ni leo tu. Akafika, akatua, akaniangalia. "Vizuri." Mabega yake yakashuka palepale. Tukarudi kuchukua kabeji.

Kama ningekomea hapo, hamngekuwa mnanisikiliza leo. Lakini naibu wa mwalimu mkuu alikuwa anapita, akaona, akacheka. "Dokta, na mimi nimenunua vitunguu, ziko hapo getini, anaweza kunisaidia?" Nikasema anaweza, tena itamsaidia. Halafu Madam Wairimu na ndizi zake. (Alikuja kulia baadaye kwa ajili ya hizo ndizi, maskini.) Halafu mwalimu wa hesabu. Halafu mwalimu mkuu mwenyewe, akiwa ofisini anapanga hotuba, akamtuma mtu aulize kama ile malenge yake iliyobaki kwenye buti ya gari inaweza kuingizwa kwa sababu jua litaiharibu. Kila mmoja alikuwa anasema kwa utani, na kila mmoja alimaanisha. Vyote vilikuwa vinawekwa kwenye chumba chetu cha matibabu, kando ya mpira wa mazoezi, mpaka Mutiso akaingia akasimama hapo mlangoni akaviangalia.

"Kariuki," akasema (yeye ndiye pekee haniiti Dokta), "hii ni tiba au ni soko?"

Nikamwambia amwone mtoto alivyotulia. Na alikuwa ametulia kweli. Mutiso akasema, "Mimi nimekuuliza wewe, sijauliza mtoto."

Nikaondoka nimekasirika. Simu ikalia, mke wangu, anataka kujua waru ni kubwa au ni zile ndogo kama gololi, na kwa kuwa tulikuwa na safari moja tu ya mwisho, kagunia kangu niliona kakae ofisini karibu na geti ili nikapate kwa urahisi jioni, Nyambura akakakumbatia tena na mimi nikamfuata nyuma, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika simu, nikisema "kubwa, mama, kubwa sana, we ngoja utaona". Tulipofika katikati ya uwanja nikainua macho. Wazazi walikuwa wanaingia. Mstari mzima wao, wamevaa vizuri, wamesimama. Na mbele yao Cucu wa Nyambura, na mkoba wake mdogo wa Jumapili.

Nilikata simu.

Cucu hakupiga kelele. Alimwendea mjukuu wake, akachukua kale kagunia kutoka mikononi mwake, akakaweka mgongoni mwake mwenyewe. Halafu akatoa leso kiunoni, akaizungusha chini ya mzigo, akapitisha kwenye paji la uso, akainama kidogo kama wale akina mama wa kuni, na kuanza kutembea. Nikamkimbilia, "Cucu, acha nibebe, Cucu, si hivyo." Akaingia kwenye hema la mkutano, akapita katikati ya viti, akafika kwenye meza kuu yenye kitambaa cheupe na chupa za maji za wageni, akakatua hapo juu. Pu.

"Mwalimu," akamwambia mwalimu mkuu, "mzigo ya daktari imefika."

Hapo ingeweza kuwa aibu yangu mimi na yeye tu. Lakini nilikuwa nimemfundisha Nyambura kumaliza, mnakumbuka? Alipoona mzigo umewekwa kwenye meza mpya, akaelewa kwamba mahali pa kuweka pamebadilika. Akageuka akaenda chumbani, akarudi amekumbatia kabeji, akaiweka kando ya kagunia, akanitafuta kwa macho katikati ya wale watu wote. Akaendelea kuningoja. Mwishowe nikasema "Vizuri", kwa sauti ndogo, na hema zima likasikia. Akaenda kuleta kabeji ya pili. Madam Wairimu alijaribu kumshika, hakushikika. Akaleta vitunguu vya naibu. Akaleta ndizi. Akaleta mayai ya mwalimu wa hesabu, kwa uangalifu mkubwa, hata moja halikuvunjika. Watu walikuwa wameanza kucheka sasa, ile ya kujizuia na mkono, na kila kitu kilipofika mwenyekiti wa wazazi anauliza, "Na hii ni ya nani?" na mwalimu mmoja anaangalia viatu vyake. Mwisho kabisa akaja na malenge. Akaiweka mbele ya hotuba ya mwalimu mkuu.

"Hii malenge nayo?" mwenyekiti akauliza.

Mwalimu mkuu akapangusa miwani. "Hiyo... hiyo ni ya programu ya chakula ya shule," akasema, na hema likapasuka kwa kicheko. Kuna mzee alicheka mpaka akapewa maji. Hapa ndipo Mutiso huishia.

Nikasimama. Ningekaa, lakini nikasimama, kwa sababu bado niliamini kwamba nikieleza vizuri wataelewa. Nikaanza, kwa Kiingereza (sijui ni pepo gani), mambo yaleyale niliyommwagia Cucu. Baba mmoja nyuma akasema, "Daktari, ongea Kiswahili, sisi si wazungu." Nikatafuta Kiswahili chake, na kwa vile nilikuwa sijawahi kumweleza mtu yeyote kwa Kiswahili, kile kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa kifupi na kibaya. Nikasema, "Akibebeshwa mzigo, anatulia."

"Hata punda," akasema Cucu.

Hakuna aliyecheka tena. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, kile ambacho sijawahi kumuona bila, na kugeukia wazazi. Kwenye paji la uso, karibu na nywele, kulikuwa na bonde limeingia ndani, kama alama ya kamba kwenye mti. Akasema hiyo aliipata akiwa mdogo kuliko Nyambura, akibeba kahawa kwenye mashamba ya watu, akabeba na kuni, akabeba na maji, akabeba mpaka mifupa ikakubali. Akasema, "Mimi niliambiwa pia ni ya kunisaidia. Nikasema huyu, vile hajui kuongea, hawezi kukataa. Huyu mimi nitamkatalia. Nikamleta shule ndio asibebe."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini si kwa ajili ya vile viazi tena. Nilimwangalia Nyambura. Alikuwa amekaa kwenye nyasi kando ya meza, miguu amekunja, mikono juu ya mapaja, ametulia kama maji kwenye beseni. Watu zaidi ya mia wako hapo, kipaza sauti kinapiga filimbi, na yeye amekaa. Hajawahi kukaa hivyo. Kitu nilichokuwa nimefanya kazi muhula mzima kukionyesha kilikuwa hapo mbele ya kamati, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya Cucu, na hakuna aliyekiona isipokuwa Madam Wairimu na mimi. Na nani angekiona? Kilikuwa kimejificha nyuma ya kabeji zangu.

Cucu akafunga kitambaa, akamshika mjukuu mkono, wakatoka. Kamati haikupata hata haja ya kuamua.

Jumatatu mwalimu mkuu akatangaza kwamba hakuna mtoto wa kitengo atabeba kitu chochote tena, hata kiti chake mwenyewe. Kulikuwa na mvulana mwingine aliyekuwa amefaidika na ratiba ile, naye akarudia kuuma mikono yake. Nilienda ofisini kumtetea, nikaambiwa, "Dokta, wewe nyamaza kidogo." Nikanyamaza, kwa sababu mwenye kusema alikuwa sahihi hata kama aliyoamua hayakuwa sahihi. Nilisahau kusema kwamba mke wangu hakupika zile waru. Alizigawa kwa majirani, akasema hawezi kuzimenya.

Ilinichukua muda kupata uso wa kwenda Mugutha. Nilimwomba Mutiso anisindikize, akakataa. "Mzigo ya leo beba peke yako," akaniambia, bila kutabasamu. Basi nikaenda, na kwa sababu mtu haendi kwa watu mikono mitupu, nikanunua unga, sukari na majani chai nikaweka kwenye mfuko.

Cucu alikuwa anapalilia maharagwe nyuma ya nyumba. Alininyooshea mkono uliojaa udongo, "Karibu, daktari," kwa heshima ileile, na hiyo heshima ndiyo iliniumiza. Nikamwambia, "Cucu, mimi si daktari. Usiniite hivyo." Akasema, "Haya." Uso wake ulikuwa umekonda. Upande wa nyumba nilisikia ile sauti, du, du, du, na nikajua.

Nyambura aliposikia sauti yangu akaacha ukuta. Bega lake lilikuwa na michubuko mipya. Alikuja moja kwa moja, hakunisalimia, hajui kusalimia, akautoa ule mfuko mkononi mwangu, akaukumbatia kifuani, na akasimama kando yangu, mgongo umenyooka, akingoja nianze kutembea.

"Tua, Nyambura," nikamwambia. "Weka chini." Hakutua. Hatukuwa tumefika popote, na nilikuwa nimemfundisha kwamba kitu hutuliwa mtu akifika. Ilinibidi nitembee naye mpaka mlangoni kwa Cucu, kando yake, polepole. Akauweka juu ya meza, akanigeukia, akangoja. Nikasema "Vizuri". Akauchukua tena, akarudi kusimama kando yangu.

Cucu alikuwa amesimama na jembe lake akituangalia. "Amekujua kwa mzigo," akasema.

Nililia. Sioni haya kulisema hilo, nimeshasema mabaya zaidi. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango nikamweleza Cucu kila kitu kwa maneno ya kawaida: kwamba mtoto anautafuta mwili wake, kwamba uzito kidogo unamsaidia kuupata, kwamba yale maji asubuhi yalikuwa dawa na zile waru zilikuwa ni uvivu wangu na kiburi changu, na kwamba mimi nilivichanganya, si yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Hivyo ndivyo ungeniambia jioni ile nilikuuliza. Ningekuja kuona, na siku ya waru ningejua ni utundu tu, ningekugombeza na iishe." Akaegemeza jembe ukutani. "Lakini kwako hatarudi. Sitaki uniombe."

Sikumwomba. Nilimwambia tu kwamba Mutiso yuko kwenye kitengo kingine Thika siku zingine za wiki, na huko kuna OT mwingine, mwanamke, mtu mzuri.

Walienda. Nyambura anaishi na mama yake sasa, na Cucu hupanda gari kwenda kumwona. Mutiso ndiye huniletea habari: kwamba huko Thika mzazi haambiwi kitu kabla ya kukifanya kwanza kwa mikono yake, kwamba Cucu mwenyewe alikumbatia mtungi akazunguka uwanja, kwamba Nyambura ameanza kuandika herufi ya kwanza ya jina lake. Mimi hapa Ruiru nafanya vivyo hivyo siku hizi. Hakuna mzazi anayetoka chumbani kwangu na neno asilolielewa, na akiniita Dokta namwambia jina langu. Mzigo wangu naubeba mwenyewe, hata wa chumvi.

Cucu alinitumia salamu kupitia kwa Mutiso, akasema nikitaka siku moja nipite Thika niwaone akiwa huko. Ni neno kubwa, hilo, kutoka kwake. Sijaenda. Kila wiki najiambia wiki hii, natoka mpaka dukani, nasimama mbele ya rafu ya unga na sukari. Kwa sababu siwezi kwenda kwao mikono mitupu, na nikienda na kitu, najua ni nani atakuja kunipokea mlangoni, na najua atasimama kando yangu akingoja.